Usiifukize Udi Harufu ya Petroli

Ipo asubuhi moja ya Alkhamisi, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka viganja hunitoka jasho, na mimi sasa ni mtu wa mvi na wajukuu. Nakuhadithia leo kwa sababu nimesikia umeanza kushika spana, na umeanza pia kuringa. Usikasirike. Nami niliringa hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi katika gereji ya Mzee Mbaraka kule mtaa wa Ghala, Maskati. Jana yake alasiri nilikwenda Madinat Sultan Qaboos kwa Khalati Zuwena, dada wa mama yangu, kumbadilishia filta ya petroli. Gari lilikuwa likikatakata mwendo mlimani, naye alitaka kwenda harusini Nizwa na wanawe watatu. Ndani ya boksi la filta mpya mlikuwa na washa mbili za shaba, vile vijipete vyembamba vinavyokaa juu na chini ya paipu ili petroli isivuje bolti ikishakazwa. Nikazitazama zile kuukuu, nikaziona bado zinang'aa. Nikazigeuza upande wa pili, nikazirudisha, nikakaza bolti kwa nguvu zangu zote. Zile mpya nikazitia mfukoni ziwe akiba yangu, maana fundi kijana hupenda kuwa na akiba ya vitu vidogo vidogo. Khalati akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina bila haya.

Asubuhi akanipigia simu. "Baba, nnasikia harufu ya petroli humu garini."

"Hayo mabaki yaliyomwagika jana, khalati. Fukiza udi kidogo, itatoka."

"Haya, ndiyo kwanza nawasha makaa. Nikishafukiza tunaondoka."

Unatujua sisi watu wa Maskati. Nguo hufukizwa, nywele hufukizwa, na gari la kwendea harusini halitoki bila udi. Kwa hiyo mimi sikuona ajabu yoyote katika jibu langu. Aliyeiona ni Mzee Mbaraka, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Washa ulibadilisha?"

"Zile za zamani zilikuwa nzima, mzee."

"Na umemwambia atie moto garini?"

Hakungoja jibu. Aliweka kikombe chini, akachukua ufunguo wa gari lake, akaniambia nipige simu tena. Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Kumbe simu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba umeshatiwa kwenye buti ya gari.

Hofu ile sijawahi kuionja tena, na Mungu asinionjeshe. Nilisoma Ayatul Kursi, nikifika katikati napotea, naanza upya. Nilipiga simu mpaka kidole kikaniuma. Mbele ya macho yangu walikuwa watoto tu: Salma, Nasir, na yule mdogo Hilal, ambaye alikuwa hawezi hata kujifungua mkanda wa kiti. Mzee Mbaraka aliendesha kwa kasi.

Tulipofika, gari liko uani linanguruma, limewashwa kiyoyozi ili watoto wasione joto. Vioo vimefungwa. Watoto wote watatu wamo ndani na nguo zao za harusi. Chini ya injini sakafu imelowa. Na Khalati Zuwena anatoka mlangoni na chetezo mkononi, makaa mekundu, moshi unapanda, zimebaki hatua tano au sita.

Nilifungua kinywa nipige ukelele. Mzee akanibana mkono mpaka nikaumia. "Ukimshtua ataangusha," akaninong'oneza. "Wewe kazime gari, uwatoe watoto."

Akashuka polepole, kama mgeni asiye na haraka. "Asalaam alaykum, Bi Zuwena. Udi mzuri huu! Hebu nipe na mimi nijifukize, usininyime."

Khalati akacheka. "Karibu, Mzee Mbaraka, chukua," akampa.

Akakitia chetezo chini ya kanzu yake, kama afanyavyo mtu anayeaga barazani, huku anausifu ule udi na kurudi nyuma, hatua moja, hatua nyingine, mpaka akawa nje ya geti. Huko akakiweka chini, akayafukia makaa kwa mchanga. Mimi nilikuwa nimeshazima gari, nimemfungua Hilal mkanda, na watoto wote wako nje.

Tulipofungua boneti, petroli ilikuwa ikichuruzika chini ya bolti niliyoikaza mimi.

"Shaba ikishabanwa mara moja imeshashika umbo la pale ilipokaa, haibani tena sawasawa," Mzee akaniambia. "Lakini sikugombezi kwa washa. Gari limekwambia linaumwa, nawe ukamtuma mama wa watu alizibe mdomo. Sasa kamwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Laiti angenitukana. Alikaa kwenye kizingiti, akawaita watoto mmoja mmoja, akawapitishia mkono kichwani, alipomaliza akaanza tena kwa wa kwanza. Nizwa walikwenda kwa gari la jirani. Na mwaka mzima baada ya hapo, kila nilipoligusa gari lake, khalati alisimama mbali, amemshika Hilal mkono.

Basi sikia, mwanangu. Filta ikibadilishwa, washa nazo hubadilishwa, ya juu na ya chini, hata za zamani zing'ae vipi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ukishakaza, washa injini, inama, pitisha kidole chini ya bolti, unuse. Na mtu akikwambia anasikia harufu, mwambie azime gari, kisha acha chakula chako uende. Usimtafutie maneno ya kumtuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine kifo chenyewe huangukia watoto wa mwenzio.

Mungu akubarikie mikono yako. Akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea" mapema, wakati kosa bado linatengenezeka. Na kila atakayepanda gari ulilolifunga wewe afike aendako, arudi kwake salama. Amina.