Kovu la Jipu

Harufu ya mafuta ya taa ikinijia ghafla, narudi miaka ile ya Ujamaa, kwenye uwanja wa shule kijijini kwetu Hasamba. Wachanjaji wamewasha stovu barazani, sufuria ya sindano inatokota, nasi tumepangwa mstari, mikono ya mashati imekunjwa mpaka mabegani. Ilikuwa chanjo ya kifua kikuu. Kila bega lilikaguliwa kwanza: mwenye kovu la chanjo ya zamani alipita, asiye nalo alichomwa. Nyuma yangu mdogo wangu Atupele, wa darasa la kwanza, alikuwa amelishika shati langu. "Dada, naogopa," alisema. Mimi nilikuwa darasa la nne, mjuaji kupita kiasi. Atu alikuwa na kovu la jipu begani, la mviringo, ungedhani la chanjo. Nikamnong'oneza, "Waoneshe hilo. Sema ulichanjwa ukiwa mchanga." Akasema. Mchanjaji, kijana aliyechoshwa na mabega yetu, akalitazama na kumwambia, "Haya, pita." Atu akakimbia akicheka, nami nikajiona shujaa. Bega langu lilipotunga usaha wiki kadhaa baadaye, alinitania, "Pole dada, mimi nilipona!"

Mwaka uleule baba mdogo alirudi kutoka migodini Zambia, akashukia Tunduma na sanduku la bati na kikohozi. Watu walisema ni vumbi la mgodi. Tulishinda naye chumbani tukisikiliza habari za huko, dirisha limefungwa kwa baridi ya Mbozi. Masika hayakuisha akafariki. Kisha Atu akaanza kukonda, homa zikamshika kila jioni, mwishowe shingo ikakakamaa asiweze kuniangalia. Hospitali tulifika tumechelewa; kifua kikuu kilikuwa kimeshampanda kichwani, na hakurudi nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga. Mimi nilificha bega la mtoto mzima, na aliyelipa ni yeye. Sikumwambia mama mpaka naye akaenda kaburini.

Daktari mmoja ameniambia chanjo ile si ngao kamili, huenda Atu angeugua tu. Nilimshukuru. Lakini tulivuta hewa ya chumba kimoja, na aliyebaki ni mimi. Siku hizi wajukuu zangu huchanjwa wangali wachanga, kabla hawajajua kuogopa sindano. Nikiwaogesha, hulitafuta kovu begani. Nikiliona, namuuliza mama yao tena, ingawa ameshanijibu mara nyingi, kama ana hakika si la jipu.