Kofia ya Chuma Namba Sitini

Safari hii ilianza na ubishi. Dada Atieno, Mkenya ninayepanga naye nyumba Kensington, huku Australia, anamhudumia mzee mmoja Mwaustralia aitwaye Les, anayeishi peke yake Cabramatta. Les ana kofia ya chuma ya Kijerumani ambayo baba yake alirudi nayo kutoka vitani, jangwani. Kila wiki husimulia kwamba baba aliivua kichwani mwa jitu alilolishinda kwa mikono mitupu. Klabu ya wazee mtaani kwake ilikubali kuionyesha kabatini, na Les akataka kibandiko kitaje ukubwa wake, ili wasioamini wanyamaze. Mimi nilikuwa mmoja wa wasioamini. Nikajitolea kwenda kwa mtaalamu wa kofia za vita.

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, mimi na Atieno tulipanda tramu hadi stesheni kuu, kisha treni ya magharibi. Kofia ilikuwa imefungwa kwa leso ya Atieno ndani ya mfuko wa sokoni. Hakuna abiria aliyeutilia shaka mfuko. Shaka yote waliniwekea mimi.

Rooty Hill, karibu saa tano. Mtaalamu, mstaafu aitwaye Graham, alitupokea gerejini. Gari lake lilikuwa nje, linaungua jua. Ndani, penye kiyoyozi, zilipumzika kofia kama arobaini. Alivaa glavu nyeupe, akaigeuza yetu, akatumbukiza pua ndani na kuvuta harufu kama mtu anayeonja mchuzi.

"Ngozi halisi," akasema, macho kayafumba.

"Na jasho la mwenyewe," Atieno akaninong'oneza.

Kisha likaja somo. Ndani ya chuma, ubavuni, hugongwa namba ya chuma chenyewe. Ngozi ya ndani ina namba yake: mzunguko wa kichwa kwa sentimita. Chuma cha 64 huchukua ngozi ya 56 au 57.

"Hizo zimejaa kila mahali," alisema, akiipungia mkono rafu nzima kwa dharau. Zinazowakosesha watu usingizi ni zile kubwa kabisa na zile ndogo kabisa. Akawasha tochi. Akamulika ubavuni mwa chuma.

"Sitini! Na ngozi yake ya asili, hamsini na tatu!"

"Ni kubwa au ndogo?" nikauliza.

"Ndogo kuliko zote! Nimeitafuta maisha yangu yote!"

Nilifurahi, sitaficha. Jitu la Les lilikuwa limekufa mara ya pili, na safari hii nimeliua mimi.

Atieno alitoa utepe wa kupimia mkobani, akanizungushia kichwani. "Hamsini na saba. Pole, Profesa, wewe umejaa kila mahali." Kisha akaukunja utepe mduara kwenye hamsini na tatu, akaushika hewani. Hakucheka tena. "Hiki ni kichwa cha mwanangu. Yuko darasa la saba."

Graham hakusikia. Alikuwa akipiga picha namba.

Njiani kurudi nilimuuliza Atieno tumwambie nini mzee.

"Tumwambie? Si wewe ndiye wa kutaka ushahidi? Utamwambia mwenyewe. Mimi Jumatatu narudi kumwogesha."

Cabramatta, saa tisa alasiri. Les alikuwa amechana nywele na kuvaa tai.

"Haya, kijana. Jitu langu lilikuwa namba ngapi?"

Nikamwambia: sitini, ngozi hamsini na tatu, ndogo kuliko zote. Akanyoosha mikono, apewe utepe uliokuwa mkononi mwa Atieno. Atieno akampa ukiwa umekunjwa vilevile. Aliutazama ule mduara mtupu.

"Kuna watu wazima wenye vichwa vidogo," nikasema. Maishani mwangu sikuwa nimewahi kutia shaka kwa huruma. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Wapo," akajibu.

Nilikuwa nimejifunza kusoma namba za kofia kwa saa moja tu, na katika gereji ile, mimi ninayejisifu kuuliza kila kitu, sikuuliza kichwa kilikuwa cha nani. Les alifungua tai yake polepole.

"Baba, kila aliposimulia, alikuwa akifika kwenye lile jitu," alisema, "analia. Miaka yote nilidhani ni kwa sababu liliogofya."