Alhamisi Niliyokula

Mpwa wangu alipougua, nyumba yangu ya Lanet iligeuzwa kanisa na hakuna aliyeniuliza.

Mtoto alikuwa wa mdogo wangu wa kike, anayeishi Karagita na kufunga maua kwenye shamba la waridi. Mvulana wa miezi minne, mnene wa kutamanika. Ilianza kama homa ya kawaida. Siku ya tatu shingo ikakakamaa, macho yakageuka, akapatwa na degedege mikononi mwa mamake, na zahanati ya huko ikawakimbiza hospitali Nakuru. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo. Hakusema atapona, alisema tungoje.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa karibu na hospitali, kila mtu akaja kungojea kwangu. Mama alishuka kutoka Elburgon siku hiyohiyo na gunia la viazi, thamosi mbili, na Biblia yake iliyofungwa kwa mpira. Nyuma yake wakaja ndugu. Ndivyo wanavyoitana wazee wa ule ushirika wake wa uamsho, unaokutana tangu sijazaliwa. Walipanga viti vyangu upya. Mmoja aliuliza kama televisheni inaweza kugeuzwa ikatazama ukuta.

Watu huonea wivu nyumba, gari, au bwana wa mwenyewe. Mimi niliuonea wivu ugonjwa.

Miaka mitatu kabla ya hapo nilizaa msichana kabla ya miezi yake kutimia. Aliishi siku mbili. Siku ya kwanza nilimpigia Mama simu nikamwambia hali ni mbaya, aje. Akasema ataniombea, lakini viazi vimekomaa na wachimbaji wameshafika shambani. Siku ya pili nikampigia kumwambia yameisha. Akasema, "Mungu ana mpango. Wewe bado msichana, utapata mwingine." Alikuja baada ya wiki mbili na kabichi nne, akaketi, akanywa chai, akauliza habari za kazi yangu. Mtoto hakumtaja. Wala mwingine sijapata.

Sasa mama huyohuyo aliacha shamba katikati ya kupanda. Kikafunguliwa kikundi cha maombi kwenye simu. Kijana akikojoa tunaambiwa, na Amina zinamiminika mpaka simu inapata joto. Kisha mzee anayeongoza ushirika akapanga mfungo. Kila mmoja wa jamaa alipewa siku yake ya kutokula wala kunywa kuanzia asubuhi mpaka jua litue, zamu kwa zamu, ili pasiwe na siku hata moja yenye pengo. Mimi nilipewa Alhamisi.

Alhamisi asubuhi nilijikaza. Saa tano Mama akarudi kutoka hospitali kuchukua nguo za mtoto. Alizipiga pasi moja moja, mbele na nyuma, hata soksi, huku akiimba chini kwa chini. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Uso wake ulikuwa na upole ambao sikuwahi kuuona ukielekezwa kwangu, na moyo wangu ukawa mchungu kama shubiri. Alipotoka nilipasha moto chapati mbili za jana na bakuli la ndengu. Nikaketi mezani. Sikula kwa njaa, nilikula kwa kusudi, nikapangusa bakuli na kipande cha mwisho. Kwa ajili ya wangu hakuna aliyeacha hata kikombe cha chai.

Ijumaa mchana mdogo wangu akanipigia. "Amekataa kunyonya kabisa," alisema. "Wamemwekea oksijeni. Tafadhali omba, wewe ndio mkubwa."

Nilizikumbuka zile chapati. Nilijiambia homa haijui ratiba ya mtu ya kula. Lakini nimelelewa na Mama, na mtoto wa Mama hawezi kuamini hivyo hata akitaka. Pengo lilikuwa langu, na mtoto alikuwa anapita palepale. Sikutaka afe. Nilitaka tu wasimpende kiasi kile.

Jumamosi alasiri ndugu wakajaa sebuleni. Wana desturi yao. Kabla ya kumwombea mgonjwa, kila mmoja anajiweka nuruni: anasimama na kutaja kosa lake hadharani, bila kulipamba. Nimekua nikiyasikiliza haya. Nikiwa mdogo nilimsikia Mama akiungama mbele ya chumba kizima kwamba alimpiga mbuzi wa jirani kwa jiwe, kisha akamsingizia mbwa. Nilijua dhambi za watu wazima wa Elburgon kabla sijajua hesabu ya kugawanya.

Zamu iliponifikia nilikusudia kusema kwamba nimekuwa mkali kwa bwanangu. Ni kweli, naye ameshazoea. Badala yake nikasema, "Alhamisi nilikula."

Mzee wa ushirika akanitazama kwa huruma. "Ulisahau, mama?"

"Sikusahau. Nilikaa chini nikakula nikashiba. Niliona wivu. Huyu mtoto amefungiwa mfungo na watu wote hawa, na wangu alikufa bila mtu wa kwetu kumwona. Hata mamangu hakukuja."

Mama alikuwa akiangalia viganja vyake. Halafu mzee akasema tumshukuru Mungu kwa nuru, na wote wakaanza kuimba, kama wanavyoimba kila mtu anapotubu, awe ameua au amepiga mbuzi. Nilikasirika. Nilikuwa nimetoa matumbo yangu nje, nao wananipigia makofi ya wimbo.

Walipoanza kuomba, nami niliomba, mara ya kwanza wiki ile. Nilimwambia Mungu amwachie mdogo wangu mtoto wake, hata kama wangu hakuniachia. Ile "hata kama" ilinitoka kwa taabu, na sikuirudia.

Jumatatu mtoto alinyonya. Ndugu husimulia mpaka leo kwamba toba ya Jumamosi ndiyo iliyofungua njia. Mdogo wangu aliniambia dawa ilibadilishwa Ijumaa jioni. Mimi sibishani na yeyote. Ila tangu siku hiyo, nikipangiwa mfungo nafunga.

Mtoto alikaa hospitalini wiki tatu. Waliporuhusiwa, walifikia kwangu, na ndugu wakaja tena kwa shukrani. Mdogo wangu alikuwa ameshasikia habari za chapati, maana katika ule ushirika kilicho nuruni kinajulikana hadi Molo. Alinipa tu mtoto mikononi. "Mshike nioge," alisema. "Nanuka hospitali."

Mtoto alikuwa amekonda, shingo yake kama ya kuku. Alinikodolea macho, kisha akanishika kidole na kukikaza. Nilifurahi kwamba yu hai, nilifurahi kweli, na bado wivu ulikuwepo. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda masimulizi ambamo wivu unakwisha.

Mdogo wangu alipomchukua mtoto wake, nikaenda jikoni. Mama alikuwa akimenya viazi vya wageni. Nilichukua kisu cha pili nikaketi mbele yake, nikaanza kumenya.

"Ile siku ya viazi," akasema bila kuniangalia. "Hiyo siwezi kuweka nuruni mbele ya watu. Wacha nikwambie wewe. Wale watu wangeweza kuchimba bila mimi. Niliogopa. Nilijua nikikuja nione huyo mtoto akienda, sitaweza kuomba tena maisha yangu yote. Sasa nikashika jembe."

"Na huyu?"

"Huyu nilikuja nikiogopa vilevile. Lakini ningekosa aje mara mbili?"

Kwa hiyo mfungo, gunia, hata pasi ya soksi, vyote vilitoka kwa msichana wangu wa siku mbili. Yeye ndiye aliyemfundisha nyanya yake kuja, na mwingine ndiye aliyekujiwa. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea mpwa wangu dakika ile, ilhali nilimpenda.

Mama aliacha kumenya. "Alifanana na nani?" akauliza.

Miaka mitatu nilikuwa nikingoja mtu aniulize. Na alipouliza, nikashikwa na choyo. Jibu lile ndicho kitu pekee cha mtoto wangu nilichokuwa nacho bila kugawana na yeyote, hata na babake hatukuwahi kulizungumza. Sebuleni walianza kumwita Mama aje atoe ushuhuda. Mzee alimwita mara mbili.

"Alifanana na wewe," nikamwambia.

Wakamwita tena. Mama aliinuka akapangusa mikono kwenye leso, akaufunga mlango wa jikoni, akarudi kuketi.

"Niambie yote," akasema.