Inchi Mbili za Pumzi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza katika duka la ushonaji mjini Thika, fundi mkuu alinipa tepu akaniambia nimpime kifua. Nilizungusha, nikasoma, nikaandika thelathini na nane. Akacheka.

“Umepima shati. Mimi nataka upime pumzi.”

Alivuta hewa, nikapima. Akaitoa, nikapima tena. Tofauti ilikuwa inchi mbili. Aliiita nafasi ya pumzi, na kila mteja alikuwa na yake kwenye daftari. Mgongo tulipima kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, mteja akitazama mbele.

“Akiinama,” alisema, “mgongo unarefuka, kifua kinafupika. Utamshonea mtu ambaye hayupo.”

Baada ya miaka kumi na mmoja nilihamishiwa tawi la Ruiru. Msimamizi wa huko alijali idadi tu: sketi ishirini za shule kwa siku. Daftari langu niliendelea nalo. Jioni nilisoma vitabu vikuukuu vya mwili wa binadamu, nikaelewa kwamba mbavu zikikunjwa, mapafu hukosa pa kutanukia.

Kisha simu zikajaa mikononi mwa wateja. Kosa langu nililifanya kwa Nekesa, mfungaji wa mizigo kiwandani, aliyekuja kupimwa gauni la kwaya. Alikuwa ameinamia simu akikariri wimbo aliotumiwa na mwalimu wa kwaya. Nilikuwa na haraka. Nikampima hivyo hivyo.

Siku ya kujaribu, aliposimama wima mbele ya kioo, gauni lilimbana kifuani na kola ikasimama mbali na shingo.

“Fundi, hii ni yangu ama ya nyanyangu?”

“Ni yako ukiwa kwenye simu.”

Alicheka kidogo. “Hata mazoezini pumzi inanikatikia katikati ya mstari. Mwalimu amesema nikikwama tena Alhamisi, kuongoza wimbo anampa mwenzangu Auma. Nafikiri niko na ugonjwa wa kifua.”

“Ikikukatikia hata ukiwa umepumzika, nenda hospitali. Mimi ni fundi wa nguo tu. Lakini hebu imba, nikupime.”

Aliimba simu ikiwa usawa wa tumbo, kidevu kikigusa kifua. Tepu ilisogea nusu inchi. Nikaichukua simu, nikaishikilia kwenye kioo, usawa wa macho yake, mkono wa pili ukishika tepu.

“Rudia.”

Inchi mbili. Mstari ukaisha na pumzi ikabaki.

“Sasa umeniwekea dawa gani?”

“Nimeinua simu, mama.”

Habari za Alhamisi niliambiwa na Auma mwenyewe alipokuja kupimwa, simu yake ikiwa mfukoni.

“Huyo Nekesa bado anaongoza,” alisema. “Na ametufanya wote tuinue simu juu, unaweza kudhani tunapiga picha za harusi.”

Sasa nimestaafu, macho hayaoni tena tundu la sindano. Naishi vizuri. Nikisoma habari kwenye simu, naegemeza viwiko mezani na kuiinua, na kila baada ya ukurasa navuta hewa mpaka mbavu zifunguke.

Gauni lile la kwanza halikurekebishika. Nilikata jingine kwa gharama yangu. Kwenye ukurasa wa Nekesa kuna vipimo viwili, cha kuinama na cha kusimama, na chini yake hasara niliyopata kwa kutomwambia aweke simu kando: mita tatu za kitambaa, shilingi mia tisa.