Nani Atampokea Mama

Saa tano na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, nilichuchumaa katika choo cha shimo nyumbani kwa mama yangu, Vihingo. Saa tano na robo nilikuwa bado nimechuchumaa, kwa sababu nilishindwa kuinuka.

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, sivuti sigara, na presha napima mara kwa mara. Lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi kuanzia mapajani, visigino vilikuwa vinaning'inia hewani, na kila nilipojaribu kujisukuma nilijiona naelekea nyuma, kwenye shimo. Nikashika mti wa ukuta. Mti ukang'oka pamoja na bati lake, nikabaki nimeushika.

Sababu ya safari yetu ndiyo iliyozidisha aibu. Mimi na mdogo wangu wa kike tulikuwa tumetoka Kibaha kumwonyesha fundi mahali pa kujenga choo cha kukaa, kwa ajili ya mama. Mama ana miaka sabini na sita. Tulikuwa tumeamua, bila kumuuliza, kwamba kuchuchumaa kunamchosha. Tukachanga, fundi tukampa advansi, na wakati ule ule alikuwa nyuma ya nyumba anapima ardhi.

"Mama!" niliita.

"Unasemaje?"

"Nimekwama."

"Umekwama na nini?"

"Siinuki."

Alinipa muda wa kujistiri, kisha akaingia mwenyewe. Akasimama mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akanivuta kama anavyovuta mhogo uliong'ang'ania ardhini: kwanza akanitikisa, kisha akavuta moja kwa moja. Nikasimama. Nje, dada alikuwa ameegemea mkorosho, anacheka mpaka mtandio umemwanguka.

"Kaka," alisema akifuta machozi, "hicho choo tunamjengea nani sasa?"

Mama hakucheka. Aliketi barazani, akaniangalia magoti, akasema:

"Mwanangu, siku yangu ikifika, nani atashuka kunipokea?"

Kwetu mwanamke hupokewa kaburini na maharimu zake, yaani ndugu wa kiume wasioweza kumwoa, na mtoto wa kiume ndiye wa kwanza. Anayeshuka hunyoosha mikono, humpokea maiti kutoka kwa walio juu, huteremka naye taratibu mpaka chini, humlaza katika mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, humlegezea kamba za sanda, kisha hupanda mwenyewe. Mle ndani hakuna kiti wala mlango wa kushika. Mama alizaa wawili tu, na wa kiume ni mimi. Kaka zake wote wametangulia. Nilimshusha baba nikiwa kijana, na tangu siku hiyo nilijua kwamba ya mama pia ni kazi yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba naweza kuikosa mama angali hai.

"Nitashuka mimi, mama."

"Kushuka utashuka. Kupanda je? Watu wakufukie pamoja na miye?"

Dada aliacha kucheka. "Mama, maneno gani hayo?"

"Maneno ya kweli. Kama huyu hawezi, atashuka mjukuu wangu."

Mjukuu ni mtoto wa dada, kijana anayenyanyua vyuma kila jioni Kibaha, mwenye mikono ambayo mashati ya kawaida hayaitoshi. Nampenda mpwa wangu. Lakini neno lile lilinichoma mahali ambapo sikujua pana nyama.

Mama alikata shauri pale pale. Fundi asimame kwanza, mpaka Idi ya kuchinja. "Siku hiyo nitakujaribu. Ukiweza kunipokea, choo chenu sikitaki, na kazi ni yako. Ukishindwa, jengeni, maana weye utakihitaji kila ukija kunisalimu. Na mjukuu wangu ndiye atakayeshuka."

Mimi ni fundi wa kompyuta na printa. Sikuisomea kazi hiyo. Niliishia darasa la saba, mengine nikayapata katika vitabu vya mitumba na kwa kufungua mashine zilizokufa. Kanuni yangu ni moja: usibadilishe kipuri kabla hujajua kipi kimeharibika. Kwa hiyo usiku ule sikuanza mazoezi yoyote. Nilianza kwa kupima.

Nilikuwa na hakika kwamba ubovu uko magotini. Kwa ajili ya magoti hayo nilikuwa nimeanza kuswali juu ya kiti cha plastiki, na hakuna aliyenihoji. Sasa nikalala chali kitandani, nikavuta magoti mpaka kifuani. Yakakunjika yote mawili, bila maumivu. Nikashangaa. Nikashika fremu ya mlango, nikajishusha huku mikono ikibeba uzito. Yakakunjika tena. Kumbe magoti yalikuwa yanasingiziwa! Kilichogoma kilikuwa chini zaidi: vifundo vya miguu. Havikupinda vya kutosha, hivyo visigino viliinuka, uzito ukakimbilia vidoleni, na mapaja yaliyozoea kiti hayakuweza kuurudisha.

Ugunduzi huo ulinifurahisha kuliko mashine yoyote niliyowahi kufufua. Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu. Ubovu uliojulikana mahali pake ni nusu ya matengenezo.

Nikatafuta na chanzo. Hakuna mwaka nilioamua kuacha kuchuchumaa. Tulinunua makochi, mkeka ukasimamishwa nyuma ya mlango. Tukajenga choo cha kukaa. Tukaweka bomba la mvua, ndoo ya kuoga ikaondoka pamoja na kuinama kwake. Ofisini nikanunua kiti kinachozunguka, na bodaboda akawa ananichukua mlangoni kwangu na kunishusha mlangoni pa ofisi. Kila kitu kilichoingia kwa heshima kilichukua tendo moja la mwili na kuondoka nalo. Mama hakuwa na kimojawapo. Alikuwa anapalilia, anachambua kunde, anafua na kusonga ugali karibu na ardhi, na kila siku ardhi ilimfundisha upya namna ya kuiacha.

Niliweka ubao chini ya visigino, nikashika fremu ya mlango, nikachuchumaa na kuinuka asubuhi na jioni. Ubao ulipozoeleka nikatafuta mwembamba zaidi. Halafu nikafikiri: mtu mzima hawezi kushika mlango maisha yake yote, lazima ipatikane kazi ya kumweka chini. Nikaichukua mbuzi ya kukunia nazi, nikajitangaza kuwa mkunaji wa nyumba.

Mke wangu alifurahi kwa wiki moja.

"Leo tena nazi?" aliuliza wiki iliyofuata. "Juzi maharage ya nazi, jana samaki wa nazi, leo mchicha nao wa nazi. Baba watoto, mwisho tutaota makuti."

"Niletee kunde nichambue, basi."

"Kunde sina. Kaa hapo uangalie ukuta."

Nikakaa kweli. Nilihamishia chini hata kazi za ofisini nilizorudi nazo nyumbani: printa ya mteja juu ya mkeka, bisibisi pembeni, mimi nimechuchumaa mbele yake kama mtu anayeota moto. Mwanzoni nilidumu muda wa kufungua skrubu moja tu. Baadaye nikasahau kwamba nimechuchumaa, na kusahau huko ndiko kulikoniambia kwamba kazi inakwenda.

Siku visigino vilipogusa chini ilikuwa baada ya swala ya alfajiri, kwenye sakafu ya baraza. Nilishuka bila ubao, bila fremu, nikahisi ubaridi wa saruji chini ya vidole, kisha chini ya nyayo, kisha, polepole, chini ya visigino vyote viwili. Sikuamini. Niliinuka, nikashuka tena. Vikagusa tena!

"Njoo! Njoo haraka!" nilipiga kelele.

Mke wangu alitoka mbio na mwiko mkononi. "Nyoka? Yuko wapi?"

"Visigino!"

Aliniangalia, akaangalia miguu yangu, akaangalia mwiko. "Majirani wakiuliza, nitawaambia umeona nyoka," alisema, akarudi jikoni. Lakini nilimsikia anacheka. Siku hiyo hiyo niliondoa kiti cha plastiki mahali pa kuswalia. Niliposujudu juu ya mkeka na kuinuka bila kushika kitu, nilichelewa kuendelea na rakaa, maana nilikuwa najizuia nisitabasamu.

Ilibaki kazi ya kubeba. Nilianza na ndoo ya mchanga, nikafika kwenye kiroba cha mchele. Kukinyanyua hakukunisumbua. Ugumu ulikuwa kukiteremsha. Mwili hupenda kutupa mzigo hatua ya mwisho, pale mapaja yanapowaka moto, na mimi nilitaka kulaza bila mshindo. Nilijifunza kuvuta pumzi kabla, kuweka mzigo karibu na kifua na kuacha nyonga ziende nyuma. Watu walionijua walianza kuuliza nimepata dawa gani. Nilipanda ngazi za ofisi za wateja kama mtu anayechelewa. Bodaboda wangu alilalamika kwamba nimempunguzia riziki, kwa kuwa nilikuwa natembea kwenda kazini.

Asubuhi ya Idi mpwa wangu alituendesha kwenda Vihingo kwa gari la kuazima. Tulipopita Soga treni ya umeme ilikuwa inaingia stesheni, naye akapunguza mwendo ili tuitazame.

"Mjomba," alisema, "ukishindwa usinune. Bibi ameshanipandisha cheo, lakini nitakuachia ushike koleo."

"Angalia barabara," nilimwambia.

Tulikula pilau kwenye sinia, tumekaa mkekani. Mama hakungoja vyombo vitolewe. Kumbe alishaandaa gunia la mihogo, likalazwa ukingoni mwa baraza, ambayo kwa aliyesimama uani inafika kiunoni. Mkeka mwingine akautandika uani, chini yake. Majirani waliokuja kusalimia wakajipanga ukutani bila kualikwa.

"Aanze kijana," alisema mama.

Mpwa wangu alikunja mikono ya kanzu. Alilichukua gunia kama mto wa kulalia. Kisha akainama kwa mgongo, miguu imenyooka, na lilipobaki kimo cha goti likamponyoka. Puu! Mihogo miwili ikatoka.

"Mbavu zangu!" mama alilia. "Umenivunja mbavu!"

Watu waliangua kicheko. Kijana naye akacheka, akalirudisha gunia barazani, akanipisha.

Nilisimama karibu. Nikalivuta kifuani, lilikuwa zito kuliko mchele niliouzoea. Nikavuta pumzi, nikaanza kushuka. Mapaja yakawaka. Nilisikia mtu anasema, "Anatetemeka huyo," na ilikuwa kweli, lakini visigino vilikuwa chini, na vilipokuwa chini sikuwa na hofu. Gunia liligusa mkeka bila sauti. Nikaondoa mikono, nikainuka.

Vigelegele vilianza kwa dada. Mama akainua mkono, vikakatika.

"Gunia haliogopi," alisema. "Litoeni. Nipokee miye."

"Mama!" dada alipaza sauti. "Siku ya Idi unajifanya maiti?"

"Najifanya mzigo. Nyamaza."

Alijisogeza mpaka ukingoni mwa baraza, akajilaza, akafumba macho. Nilipitisha mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya magoti. Alikuwa mwepesi kuliko gunia na mgumu kubebeka mara mbili yake, kwa sababu alipumua. Nilipoanza kushuka vidole vyake vilishika kanzu yangu, vikakaza. Nilishuka taratibu kuliko nilivyowahi kushuka, nikahesabu kwa pumzi zake, mpaka mgongo wake ukafika mkekani, kisha miguu, kisha kichwa, nilichokishikilia mpaka mwisho. Vidole vyake vikaachia.

Nikainuka. Bila ukuta, bila mkono wa mtu, wima.

Sasa kelele hazikuzuilika. Mpwa wangu alinirukia mgongoni, dada alikuwa anapiga vigelegele huku analia, na mzee mmoja jirani alikuwa anajaribu kuchuchumaa ukutani, aone kama naye anaweza.

"Hee!" sauti ilitoka chini. "Mmeshanizika, mnaondoka?"

Kabla hatujamfikia mama aligeukia ubavu, akakunja mguu, akasimama mwenyewe, akakung'uta khanga.

"Atashuka mwanangu," alisema mbele ya wote. Akamgeukia mjukuu. "Weye utakuwa juu, unipitishe kwake. Na usiniangushe." Halafu akamwambia dada: "Fundi mwambieni asije."

Dada alimpigia fundi pale pale. Fundi alitutakia Idi njema na kusema advansi, laki moja na elfu arobaini, hairudi. Katika laki tisa tulizochanga, tuliokoa shilingi laki saba na elfu sitini.