Siku Shangazi Alipoaga Chumba Chake

Shangazi yangu alikuwa fundi wa kushona nguo Karatu, na kwa miaka mingi alipanga chumba kimoja uani kwa mjane mmoja aliyetoka Kondoa. Shangazi alihamia pale baada ya kutoka nyumbani kwa mumewe. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alitaka aje kwetu Rhotia, lakini shangazi hakutaka kumtwisha mama, wifi yake, mzigo wa mtu mzima. Akapakia cherehani yake kwenye lori lililobeba ngano, akashuka Karatu, akaulizia chumba. Yule mjane hakumuuliza ametoka kwa nani wala kwa nini. Alimwonyesha mahali pa kuchota maji, akamwambia apumzike kwanza.

Ugonjwa wake ulianzia miguuni. Kwanza viatu vilikataa kuingia, akawa anashona akiwa na kandambili hata siku za baridi kali. Kisha akawa hawezi kupanda kale kamlima ka kutoka sokoni bila kusimama njiani, akijifanya anaangalia vitenge dukani. Mwisho mjane alimkuta asubuhi ameketi kitandani, mgongo ukutani, kwa sababu akilala pumzi inakata. Akalazwa hospitali ya misheni. Daktari alimwambia baba kwamba moyo umechoka, na mgonjwa asiishi tena peke yake wala asikanyage cherehani.

Baba akaamua chumba kirudishwe. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani nasaidia shambani, kwa hiyo nikatumwa mimi kwenda kumwarifu mwenye nyumba. Baba alinionya nisimwambie shangazi chochote, asije akashtuka na hali ikawa mbaya zaidi.

Nilimkuta mjane barazani anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapepeta ungo mara moja, akauweka chini.

“Nimekusikia, mwanangu,” alisema. “Lakini chumba hiki hukukiomba wewe. Aliyekiomba yupo, anasikia na anasema. Mwambieni yeye.”

Akajitanda kanga, akachukua chupa ya uji, tukaenda wote hospitali. Baba alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, na aliponiona nimeingia na mjane alijua mambo yameharibika. Mjane hakuzunguka. Alimweleza shangazi nilichotumwa, kwa sauti ya kawaida, huku akimmiminia uji. Shangazi alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka msitu wa Ngorongoro, kama ilivyo kawaida ya saa zile.

“Nilijua,” alisema. “Nilikuwa nangoja nione nani ataanza.”

Kisha akamwomba baba ampeleke akakiage chumba. Baba alikataa. Vyombo vitaletwa vyote, alisema, hata kijiko hakitabaki, yeye apumzike tu. Shangazi alimwacha amalize.

“Kwa mume nilitoka kama mwizi,” akamwambia. “Pale kwa dada mwenye nyumba nataka kuaga.”

Baba akainuka. Alitoka nje, na aliporudi alikuwa ameshaongea na muuguzi.

Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali, gari la parokia lilitushusha barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha, na kichochoro cha kuingia uani kilikuwa matope matupu. Baba akachuchumaa mbele ya dada yake, akampa mgongo.

“Mimi ndiye niliyekubeba wewe,” shangazi alisema.

“Ndiyo maana,” baba alijibu.

Akambeba. Nilitembea nyuma yao nikiwa na viatu vya shangazi mkononi, na niliona alivyolaza shavu lake begani kwa baba, macho ameyafumba.

Chumbani palinukia mafuta ya cherehani na nguo mpya. Mjane alikuwa ameshafagia na kufungua dirisha. Nilidhani shangazi angeanza kutuelekeza cha kufunga na cha kugawa, lakini alinyoosha mkono juu ya meza akavuta kitambaa cha bluu kilichokunjwa. Lilikuwa gauni la mjane. Alikuwa amelikata kabla hajazidiwa, halikuwahi kushonwa.

Mjane alisema liachwe, vipande atavitumia kwa kazi nyingine. Shangazi akasema hawezi kuondoka na gauni la mwenye nyumba likiwa vipande.

Miguu yake isingeweza kukanyaga. Kwa hiyo nikapiga magoti chini ya meza, nikawa nasukuma kikanyagio kwa mikono, naye juu anaongoza kitambaa. Nilikwenda kwa pupa, uzi ukakatika. Baba akanigusa bega, akaketi yeye sakafuni na koti lake la kwenda kanisani. Yeye naye alisukuma vibaya, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajisokota. Shangazi alicheka mpaka pumzi ikampotea, tukasimama wote tukimwangalia, naye akainua mkono kutuonyesha kwamba yuko sawa.

“Taratibu,” alimwambia baba. “Huchungi ng'ombe.”

Baadaye wakapatana. Baba alisukuma pole pole, kichwa chake kikiwa karibu na goti la dada yake, na mshono ukatoka umenyooka. Gauni lilipokwisha, mjane alilivaa juu ya nguo alizokuwa nazo, akazunguka mlangoni atuonyeshe. Lilimkaa vizuri. Shangazi akamvuta karibu, akang'ata uzi uliobaki kwenye pindo.

Ndipo tukafunga mizigo. Haikuwa mingi. Shangazi aliuchukua ufunguo kwa baba, akaushika mwenyewe mpaka tulipotoka, akauweka katika kiganja cha mjane.

“Dada, tumekaa vizuri,” alisema.

“Tumekaa vizuri, mdogo wangu.”

Mjane alimfunga kanga vizuri kifuani kwa sababu ya upepo, baba akachuchumaa tena.

Shangazi aliishi kwetu Rhotia tangu hapo, katika chumba kilichopakana na jiko ili apate joto. Mjane alikuja kumwona mara kwa mara, akimletea habari za mji. Mama ndiye aliyemshangaza kila mtu. Mawifi hawa walikuwa wameamkiana kwa adabu tu miaka yote, na sasa mama hakutaka mwingine amwogeshe. Mchana walikaa nje juani, shangazi chini kwenye mkeka, mama nyuma yake kwenye kigoda akimsuka, wakiwasema watu wa kanisani kwa sauti ndogo.

Shangazi alifariki wakati wa kuvuna maharage, akiwa amekaa hivyo hivyo, mama akimsuka. Sisi tulikuwa shambani. Mama alimalizia kwanza mistari ya nywele iliyobaki kichwani, akamlaza vizuri kwenye mkeka, ndipo akaja kutuita.