Samaki wa Ushahidi

Boro Kian amevua kwenye mlangobahari wa Adonara tangu hajaota ndevu. Mkondo wa pale una nguvu: maji yakijaa unakimbilia huku, yakitoka unarudi kule, na boti yenye injini ndogo hubaki ikilia palepale. Ndiyo maana mtambo wa majaribio wa kufua umeme ulifungwa hapo, chini ya chelezo, mapangaboi yake yakizunguka majini. Ukifaulu, kijiji chetu kitapata taa na barafu ya samaki. Nguvu yote hiyo imepita mbele yetu miaka nenda rudi, huku watoto wakisomea koroboi!

Boro aliupinga. Kila alipokaa alisema mtambo unaua samaki, na mwishowe akaitisha kikao cha kijiji ili tuunyime kibali cha kudumu. Alikuja na kikapu kizima cha samaki waliokufa.

“Tazameni wenyewe! Nimewaokota karibu na chelezo. Mwakani mtakula pangaboi?”

Watu walicheka, lakini kwa wasiwasi. Wazee wakaanza kutikisa vichwa.

Kwetu mlalamikaji ndiye anayelisha kikao. Boro, kwa hamu ya kushinda, alisahau kwamba ushahidi wake ungeishia jikoni. Kinamama walipobeba kikapu aliinuka nusu, kisha akakaa tena.

Haukupita muda, Barek, mdogo wa mkewe, akatokea jikoni na samaki aliyepasuliwa.

“Shemeji, hilo pangaboi lako linakata kuanzia ndani?”

“Unasemaje, we?”

“Ngozi nzima, hata mkwaruzo hana. Tumboni damu tupu, uti wa mgongo umekatika. Wote wako hivyo. Hebu sema, baruti siku hizi unainunua wapi?”

Hakuna aliyecheka. Kwetu hata mtoto anamjua samaki wa bomu. Tukaelewa pia kwa nini Boro hakuutaka mtambo: chelezo kina walinzi, na walinzi wana macho.

Boro alimgeukia mkewe, Peni, aliyesimama mlangoni.

“Na mimi nimezunguka nyumba kwa nyumba nikikusemea,” Peni alisema taratibu.

Kibali kilipita bila ubishi. Chakula kikaja. Sisi wote tulipewa mahindi na mboga za majani. Sahani ya Boro peke yake ilikuwa na samaki, na Peni ndiye aliyemwekea. Alimla ameinamisha kichwa, akitoa mifupa iliyovunjika mmoja mmoja, na hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza.